Zana za Shamba, Maswali na Majibu: Trekta la kulima au trekta la kufyeka?

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka minane sasa ninaishi kwenye shamba langu la ekari 38 upande wa Muheza. Ekari 12 ni michungwa, ekari 14 nimepanda nyasi za Rhodes na za Guinea kwa ajili ya ng'ombe wangu kumi na mmoja wa maziwa, ekari 8 ni za mahindi na muhogo, na zilizobaki ni nyumba, zizi na kichaka. Hadi leo ninakodi trekta kila msimu wa kulima, na kufyeka nawaachia vibarua, ambao wakati wa machungwa hawapatikani hata kwa kubembelezwa. Sasa nimeamua kununua trekta la ukubwa wa kati. Nimeonyeshwa matatu. La kwanza ni jipya, dogo, la nguvu farasi 28. La pili ni Massey Ferguson 240 lililotumika. La tatu ni jipya la nguvu farasi 75 linalovuta kwa magurudumu yote manne, na muuzaji yuko tayari kunikopesha. Kijana wangu anataka hilo la tatu kwa hoja kwamba trekta kubwa haliwezi kushindwa na kazi ndogo. Nichukue lipi?
Mwalimu Mstaafu, Muheza

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Barua yako imenirahisishia kazi kwa sababu umetaja ekari kabla ya kutaja trekta. Wengi wanaoniandikia huanza na rangi ya mashine na kumalizia na bei, na kati ya hapo hakuna shamba hata kidogo.

Kabla sijasema lolote kuhusu hayo matatu, naomba tuhesabu saa. Slasha, yaani zana ya kufyekea yenye visu vinavyozunguka, ya upana wa mita 1.5, ikivutwa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukishaondoa muda wa kugeuza na kusimama, hufyeka takriban ekari moja na nusu kwa saa mahali palipo wazi. Chini ya michungwa huwezi kufikia kiwango hicho, kwani utakuwa ukizunguka mashina na kurudia palepale ulipopita, kwa hiyo tuweke ekari moja kwa saa. Michungwa yako ukiifyekea mara nne kwa mwaka ni saa 48. Nyasi ekari 14 ukizikata mara tatu ni ekari 42, yaani saa 28 za kukata peke yake, na kuzigeuza, kuzikusanya na kuzibeba kwa tela hakutapungua saa 40 nyingine. Sasa njoo kwenye kulima. Plau ya sahani tatu hulima karibu robo tatu ya ekari hadi ekari moja kwa saa, hivyo ekari zako 8, kwa masika na kwa vuli, zitakula kama saa 20, na haro, ya kuvunja mabonge, itachukua 10. Jumla inakaribia saa 150 kwa mwaka, na katika hizo plau inashika ishirini tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na desturi yetu ya kununua matrekta. Mkulima wa huku akienda kuangalia trekta, macho yake yote yako kwenye plau: litavuta sahani ngapi, litapasua ardhi kavu kiasi gani. Hilo ni swali la haki kwa mtu wa Kilindi au Handeni mwenye ekari mia za mahindi. Wewe, Mwalimu, ni mfugaji na mkulima wa machungwa, na trekta lako litashinda likizungusha kisu. Kwa hiyo lichaguliwe kwa zile saa 120 na ushee, na hizi 20 za plau zitoshelezwe tu, hata ikibidi kwa kuendelea kukodi.

Trekta la kufyekea hukaguliwa kwanza nyuma. Chini ya kiti kuna shafti fupi yenye meno, ile tunayoiita PTO, ambayo ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye slasha. Kwa zana nyingi za shamba huzunguka mara 540 kwa dakika, sawa na mizunguko tisa kila sekunde. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: nikikanyaga klachi, PTO inasimama au inaendelea? Kama klachi ni ya hatua moja, ukiikanyaga vyote viwili hukatika kwa pamoja, mwendo na PTO. Ukikutana na nyasi nzito, ukataka trekta lisimame huku kisu kikiendelea kuzunguka ili kijisafishe, haitawezekana. Klachi ya hatua mbili hukuruhusu kukanyaga nusu, trekta likasimama na slasha ikaendelea, kisha ukikanyaga hadi chini vyote vinasimama. Bora zaidi ni PTO inayojitegemea yenye mkono wake wa kuwashia na kuzimia.

Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi wa gereji nilipewa trekta kuukuu la klachi ya hatua moja nifyeke kati ya mistari ya michungwa. Nilipofika mwisho wa mstari nikakanyaga klachi na breki pamoja, nikitegemea lisimame, lakini visu vizito vya slasha vilikuwa bado vinazunguka kwa kasi yake, na kwa kuwa shafti na gia vilikuwa vimeungana, ule mzunguko ukarudi kulisukuma trekta mbele. Nilikuwa nimekanyaga kila kilichokanyagika na bado trekta lilikuwa linakwenda, taratibu, bila haraka, mpaka likaegemea mchungwa wenye matunda. Mwenye shamba alinitazama tu. Baadaye fundi wangu alifunga kati ya PTO na shafti ya slasha kile kiungo kinachozungukia upande mmoja, ambacho huiacha zana izunguke yenyewe bila kurudisha nguvu kwenye trekta. Si kitu cha gharama kubwa, na yeyote mwenye trekta la namna ile asifyeke bila hicho.

Sasa nguvu. Kanuni ya kienyeji ya mafundi ni nguvu farasi tano kwenye PTO kwa kila futi moja ya upana wa slasha, na nguvu inayofika kwenye PTO huwa karibu asilimia 85 ya ile iliyoandikwa kwenye injini. Slasha ya futi tano inahitaji basi nguvu farasi 25 za PTO. Lile trekta la 28 litakupa kama 24, kwa hiyo litaifanya kazi hiyo likihema, hasa Guinea ukiiacha ikafika kifuani. Ukilifungia slasha ya futi nne litatulia, litapita vizuri chini ya matawi, na tairi zake hazitabana udongo. Kama ungekuwa na michungwa peke yake ningekwambia ulichukue leo. Lakini plau ya sahani tatu si mzigo wake, na tela lililojaa nyasi kwenye mteremko litalisukuma kuliko litakavyolivuta.

La 75 litafanya kila kazi uliyoitaja, sikatai. Tatizo lake ni kwamba kwako litafanya kazi kidogo mno. Saa 150 kwa mwaka hazilipi mkopo wa mashine ya kiasi hicho. Itabidi kijana azunguke vijiji vya jirani akilima kwa kukodisha, na hiyo ni biashara nyingine kabisa yenye dereva, mafuta, wadeni na trekta lisilokuwepo nyumbani siku nyasi zako zinapochanua. Zaidi ya hapo ni refu, lina uzito wa tani kadhaa, na mizizi ya michungwa inayochukua chakula iko karibu na uso wa ardhi. Kulipitisha hapo mara nne kwa mwaka, ardhi ikiwa na unyevu wa masika, ni kuugandamiza udongo ambao mti unahitaji upumue. Magurudumu manne yanayovuta ni neema kwenye ardhi nyeusi ya mbuga na kwenye miteremko mikali ya kuelekea Amani. Kwenye udongo mwekundu wenye mwinamo wa kawaida, trekta linalovuta kwa nyuma peke yake, lenye breki mbili zinazokanyagwa kila moja kwa upande wake, hugeuka kwenye nafasi ndogo zaidi mwisho wa mstari, na mfyekaji hugeuka mara nyingi kuliko mlimaji.

Hivyo tunabaki na la katikati. Massey Ferguson 240 lina injini ya Perkins ya mitungi mitatu yenye nguvu farasi karibu 50. Linavuta sahani tatu, linazungusha slasha ya futi tano hadi sita bila kelele, na fundi anayelijua hupatikana bila kuvuka mkoa. Mengi huja na klachi ya hatua mbili, ila usilichukulie hilo kuwa hakika: panda, washa, ujaribu mwenyewe. Likishindwa ukaguzi, tafuta jipya la nguvu farasi 50 hadi 55 la kampuni yoyote ambayo spea zake umeziona kwa macho dukani Tanga au Korogwe, maana ahadi ya kuagiziwa spea haikati nyasi.

Ukaguzi wenyewe ufanye hivi. Fika asubuhi bila kutoa taarifa ya saa, na uguse injini kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameipasha ili iwake kirahisi mbele yako. Mwombe radhi, urudi siku nyingine. Ikiwaka, moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga mafuta si kitu, lakini moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Chomoa kijiti cha oili ya gia na haidroliki (mfumo wa kunyanyulia zana kwa oili), na ukiiona nyeupe kama chai ya maziwa ujue maji yameingia. Nyanyua zana nzito kwa mikono mitatu ya nyuma, zima injini, kisha nendeni mkanywe kahawa. Mkirudi baada ya robo saa mkute zana imelala chini, haidroliki imechoka. Tingisha tairi za mbele kwa mikono miwili uone kama ekseli inacheza kwenye pini yake. Mwisho tazama kanyagio la klachi. Niliwahi kuonyeshwa trekta ambalo saa yake ya kuhesabu kazi ilisoma 1,200, ilhali mistari ya kanyagio ilikuwa imefutika kabisa na chuma kimeng'aa kama sarafu. Saa hubadilishwa kwa bisibisi, kanyagio hakuna anayekumbuka kulibadilisha.

Yapo mambo mawili hukuyauliza lakini yamo ndani ya hesabu yako. Slasha inafaa kwa michungwa, kwa sababu huyakatakata majani na kuyatawanya yakafunika udongo. Kwa nyasi za kuhifadhi haifai, kwani inazisaga, majani laini yenye lishe yanapotea vumbini, na kinachobaki hakikusanyiki. Kwa ekari zako 14 unahitaji mashine ya kukata ya visu vya kwenda na kurudi, au ile ya ngoma mbili zinazozunguka, ambazo hulaza nyasi nzima kwa mstari. Hiyo ya ngoma hukaa upande mmoja wa trekta na ni nzito, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kulikwepa lile dogo. Kata nyasi zinapoanza kuchanua, na uchague siku baada ya kuitazama bahari kwa heshima, maana mvua za mchoo zinazofuata masika hazina ratiba, na nyasi zilizolala zikanyeshewa huoza kabla hazijakauka.

Usinunue bado mashine ya kufunga marobota. Kwa ng'ombe kumi na mmoja, sanduku la mbao linaloshindiliwa kwa miguu linatosha, na unaweza kumpa seremala yeyote akalitengeneza. Marobota yafunge kwa kamba ya mkonge. Sisi wa Tanga tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka, kwani ni kufunga mavuno ya mashamba ya ng'ambo kulikoupa mkonge wetu soko kwa miongo mingi, na kipande kikimponyoka mlishaji kikaingia kwenye hori, si kama kamba ya plastiki, ambayo ng'ombe akiimeza hukaa tumboni mwake.

Kuhusu fedha, kabla ya kusaini mkopo wa muuzaji, pita Mfuko wa Taifa wa Pembejeo uulize masharti yao ya mikopo ya zana. Na kijana usimvunje moyo. Mpeleke Morogoro kwenye maonyesho ya Nane Nane, ambako matrekta ya kila kimo husimama pamoja, akae kwenye viti vyote, ajaribu klachi zote, kisha akueleze mwenyewe ni lipi lingepita chini ya michungwa yenu bila kuvunja tawi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina trekta la nguvu farasi 35. Nimenunua slasha iliyotumika hapa Horohoro, lakini matundu yake ni makubwa kuliko pini za trekta langu na inacheza. Jirani amenishauri nizungushie pini waya. Je, ni salama?
Mfugaji, Mkinga

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usizungushie waya. Kilichokupata ni kwamba mikono ya kunyanyulia ina madaraja. Kwenye daraja la kwanza, la matrekta madogo, pini za chini zina unene wa milimita 22 na ya juu 19. Kwenye daraja la pili za chini ni milimita 28 na ya juu 25. Slasha yako ni ya daraja la pili. Zipo bushi za chuma zinazoingia katikati kuziba tofauti hiyo, na mchonga vyuma yeyote anaweza kukuchongea. Waya utasagika ndani ya siku moja, pini itapiga tundu hadi liwe umbo la yai, na siku mkono mmoja ukichomoka slasha itapinda ikiwa inazunguka.

Hata hivyo, ningekuwa wewe ningeanza na utepe wa kupimia. Umbali kati ya pini mbili za chini kwa daraja la kwanza ni milimita 683, kwa la pili ni 825, kwa hiyo bushi peke yake huenda zisikusaidie. Pima pia upana wa kukata. Ukizidi futi sita, hiyo slasha ilitengenezwa kwa trekta kubwa kuliko lako, na afadhali uibadilishe kuliko kuirekebisha. Na kwa kuwa imetumika, uliza kifuniko cha plastiki cha shafti kiko wapi. Kama hakipo kinunue kabla ya yote. Ncha ya kanga, shuka au koti ikinaswa na kitu kinachozunguka mara tisa kwa sekunde, hakuna mkono wa kuivuta.

SWALI: Trekta letu la kikundi halichemki tukilima, lakini tukifyeka nyasi ndefu linachemka ndani ya saa moja. Tumebadilisha maji mara nne. Tatizo ni nini?
Kikundi cha wafugaji, Handeni

JIBU: Maji hayana kosa. Mkilima, mbele ya trekta kuna hewa safi. Mkifyeka nyasi zilizokomaa, mbegu na manyoya yake huruka, feni huyavuta, nayo hujibandika kwenye uso wa rejeta kama blanketi. Fungueni boneti mtazame kati ya rejeta na wavu wake, bila shaka mtakuta tabaka unaloweza kulibandua kwa vidole. Zimeni injini, isubirini ipoe, na msifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Kisha puliza kwa hewa ya kompresa au maji ya presha ndogo kutoka upande wa feni kwenda nje, kwani mkipuliza kutoka mbele mnazisukuma mbegu zizame zaidi. Fanyeni hivyo kila baada ya saa mbili za kufyeka, na filta ya hewa muifungue kila jioni, maana vumbi lilelile linaingia huko pia. Mtu wa bustani za mjini anaweza kukaa wiki nzima bila kuifungua. Nyasi za Handeni hazina subira hiyo.

Mkimaliza, bonyezeni mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Uingie ndani kama sentimita moja hadi moja na nusu. Ukizama zaidi ya hapo, legezeni boliti ya jenereta, vuteni jenereta nje mpaka mkanda ukaze, mfunge tena, ndipo mrudi shambani.